Mashine ya pinboli ya marudio ikitoka, bei ya asilia inakwenda wapi?

Pinboli ni mchezo wa mpira wa chuma unaorushwa juu ya ubao ulioinama. Mashine ya marudio ni mchezo wa zamani uliotengenezwa upya kiwandani; asilia ni ile ya toleo la kwanza. Msomaji ameuliza: "Nina mashine ya pinboli ya Attack from Mars, ya 1995. Inacheza vizuri, ila ubao wa kuchezea umelika kidogo kwenye kingo za mashimo na kabati limepauka upande mmoja. Tangu zianze kutengenezwa mashine za marudio nasikia kauli mbili. Wapo wanaosema asilia zimeporomoka, na wapo wanaosema asilia haishuki bei kamwe. Tena kuna mtu anataka kuniuzia Cirqus Voltaire asilia, nami naogopa nisije nikalipa leo, kesho ikatangazwa ya marudio. Nani mkweli, na nifanye nini?"

Kila upande una nusu ya ukweli, kwa sababu wanazungumzia mashine zenye hali tofauti. Kabla ya marudio, mtu aliyetaka kucheza Attack from Mars nyumbani kwake na mtu aliyetaka kumiliki mojawapo ya zile 3,450 zilizotoka kiwandani walikuwa wakigombea mashine ileile. Bei uliyoiona sokoni ilibeba haja mbili kwa pamoja: haja ya kucheza na haja ya kuwa na kitu cha asili. Mashine ya marudio inazitenganisha. Anayetaka kucheza sasa ana njia nyingine, na hatalipia asilia zaidi ya gharama ya njia hiyo. Anayetaka asilia hajaletewa mbadala wowote. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu mashine yako ni hili: katika hali iliyo nayo sasa, inamvutia mnunuzi yupi kati ya hao wawili?

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokwenda. Kampuni ya Williams, ambayo ilitumia pia jina la Bally, iliacha pinboli Oktoba 1999. Miaka mingi baadaye Planetary Pinball Supply, yenye leseni ya michezo na vipuri hivyo, ilishirikiana na Chicago Gaming Company, na mwaka 2013 wakatangaza Medieval Madness mpya. Asilia yake ni ya 1997, mashine 4,016. Toleo la kwanza la marudio liliwekewa kikomo cha mashine 1,000 kwa bei ya karibu dola 8,000 kila moja, na wanunuzi walianza kupokea mashine zao mwaka 2015. Ikafuata Attack from Mars mwaka 2017, kisha Monster Bash (asilia ya 1998, mashine 3,361), halafu Cactus Canyon (asilia ya 1998, mashine 903 tu). Huko Australia, Haggis Pinball nayo iliifufua Fathom, mchezo wa Bally wa 1981.

Angalia pengo lile la kati ya 2013 na 2015. Bei haisubiri mashine mpya ifike. Inaanza kuyumba siku ya tangazo, na mara nyingi siku ya uvumi. Anayetaka kuuza anaingiwa na hofu na kutaka kuwahi, anayetaka kununua anafunga mkoba na kusubiri. Katika kipindi hicho hakuna anayejua zitatengenezwa ngapi wala ubora wake, hivyo kila mtu anakisia kwa upande wa hofu. Mashine zikishaanza kufika majumbani, hofu inageuka kuwa taarifa: watu wameziona, wamezicheza, wanajua tofauti. Hapo ndipo bei za asilia zinapoanza kujipanga upya kulingana na hali ya kila mashine. Aliyeuza katikati ya uvumi ndiye huumia zaidi, kwa kuwa alipokea bei ya hofu kwa mashine ambayo pengine isingeguswa kabisa.

Hali ya mashine ndiyo inayogawa hasara

Mashine ya asili ambayo imekaa nyumbani tangu mwanzo, ubao wake haujafunguliwa kurekebishwa, rangi za kabati bado kali, namba za kiwandani kwenye kichwa (sanduku la juu lenye bodi za umeme) na kwenye kabati zinalingana, na kitabu chake kipo, haina mshindani. Hakuna kiwanda kinachoweza kuongeza idadi ya mashine za namna hiyo, na kila mwaka baadhi zinaingia maji, zinapigwa jua au zinakarabatiwa. Wanaozitafuta ni wachache, lakini hawaangalii bei ya marudio kabla ya kutoa ofa.

Inayoumia kuliko zote, na hapa wengi hushangaa, ni ile asilia iliyokarabatiwa kwa fahari: ubao mpya wa kutengenezwa leo, plastiki mpya, stika mpya za kabati, miguu mipya, taa za LED kila mahali. Kabla ya marudio, mashine ya namna hiyo ndiyo iliyoshika bei ya juu, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kupata Medieval Madness inayong'aa. Lakini ukiitazama kwa makini, mmiliki ametumia mamia ya saa na maelfu ya dola kuifikisha pale ambapo ya marudio inaanzia siku inapotolewa kwenye boksi. Mnunuzi wa kucheza atachukua ya kiwandani yenye dhamana. Mkusanyaji wa asilia ataona kwamba sehemu anazozitazama kwanza, yaani ubao na kabati, si za asili tena. Mashine imebaki katikati, haina mwenyewe. Haiuzwi bure, la, lakini ziada kubwa iliyokuwa ikidaiwa kwa ajili ya kazi ya ukarabati hupungua sana.

Kundi la tatu ni mashine ya kuchezea, kama yako: ya asili kwa sehemu kubwa, inafanya kazi, ina makovu. Hii inabanwa na kikomo cha juu kinachowekwa na bei ya marudio. Nitakuonyesha hesabu yake hapo chini.

Mashine mbovu, zile za mradi, hazisogei sana. Anayeinunua anahesabu vipuri na kazi. Tena marudio yanamsaidia kwa upande mmoja, maana mpango uleule unaotengeneza mashine nzima hutoa pia plastiki, rampu (njia za kupandishia mpira) na mapambo ambayo zamani yaliwindwa kwa miaka. Tahadhari ni kwamba yule aliyekuwa amehifadhi plastiki asilia za akiba ili aziuze kwa bei ya uadimu, soko lake limepungua.

Michezo miwili inayofundisha zaidi kuliko mingine

Cactus Canyon ni kisa cha peke yake. Uzalishaji wa asilia ulikatizwa ili kupisha mfumo mpya wa Williams ulioitwa Pinball 2000, na programu yake ilitoka kiwandani haijakamilika: baadhi ya vitu kwenye ubao havikuwa na kanuni kamili za mchezo nyuma yake. Kwa hiyo bei ya asilia ilikuwa ya uadimu, kwani 903 ni chache mno ukilinganisha na zaidi ya 4,000 za Medieval Madness. Haikuwa ya utamu wa mchezo peke yake. Ya marudio ilipokuja, ilikuja na mpango wa programu iliyopanuliwa. Maana yake mchezaji anapata kwenye marudio kitu ambacho asilia kama ilivyotoka kiwandani haina. Hapo haja ya kucheza inahama karibu yote, na asilia inabaki ikisimama kwa mguu wa uadimu tu. Mguu huo ni imara kwa mashine iliyotunzwa, na dhaifu kwa mashine iliyochakaa. Ukitaka kujua marudio yataumiza kiasi gani, jiulize kama yataleta mchezo uleule au mchezo uliokamilika zaidi.

Big Bang Bar inaonyesha upande mwingine. Kampuni ya Capcom ilifunga idara yake ya pinboli mwaka 1996 baada ya kutengeneza mashine za majaribio takriban 14 tu za mchezo huo. Muongo mmoja baadaye Illinois Pinball ilitengeneza marudio yasiyofika 200, kwa bei ya dola 4,500. Jumla ya zote, za majaribio na za marudio, bado ni ndogo kuliko idadi ya watu wanaoitaka, na mashine hizo za marudio zenyewe zikapanda bei mbali na ile ya awali. Neno "marudio" peke yake halishushi chochote. Kinachoshusha ni idadi. Mashine 1,000 mpya zikiingia kwenye soko la asilia 4,016 ni nyongeza ya karibu robo nzima juu ya ugavi uliokuwapo, tena nyongeza ambayo yote iko katika hali ya juu kabisa, wakati asilia zilizo katika hali ya juu ni sehemu ndogo tu ya zile 4,016. Ndiyo maana tabaka la juu la mashine za kuchezea linatikisika kuliko idadi yenyewe inavyoonyesha.

Na usisahau kwamba marudio huongeza wapenzi. Mtu anaizoea Attack from Mars mpya kwenye ukumbi wa michezo, anaipenda, na baada ya muda anaanza kutafuta ya 1995. Nguvu hii huja polepole na ni vigumu kuipima, lakini ni sehemu ya sababu kwa nini bei za asilia nzuri hujirudi.

Jinsi ya kupima bila kudanganywa na soko

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya kabla na bei ya baada, kisha kuyapa marudio lawama au sifa zote. Soko zima la pinboli hupanda na kushuka lenyewe. Kati ya 2020 na 2022, wakati wa Uviko-19, watu walipokaa majumbani na kununua burudani, bei za mashine karibu zote zilipanda. Aliyetazama mchezo mmoja tu katika kipindi hicho angeweza kusema marudio yanapandisha bei.

Fanya hivi. Kusanya bei zilizolipwa kweli, wala si bei zilizoombwa kwenye matangazo. Bei ya kuomba ni ndoto ya muuzaji. Tangazo lililokaa miezi sita ni ushahidi kwamba bei hiyo haipo. Zitenge kwa hali ya mashine, kwa sababu mwezi mmoja wakiuza mashine tatu mbovu na mwezi unaofuata tatu safi, utaona "kupanda" ambako hakupo. Ndani ya kila tabaka zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati, ili mauzo moja ya ajabu yasikupotoshe. Ukiwa na mauzo chini ya matano au sita katika tabaka, usitoe hukumu.

Kisha tafuta michezo ya kulinganishia: ya kampuni ileile, ya miaka ileile, ya idadi inayokaribiana, ambayo haijapata marudio. Kwa Attack from Mars na Medieval Madness, michezo mizuri ya kulinganishia ni Tales of the Arabian Nights (1996, mashine 3,128), Scared Stiff (1996, mashine 4,028) na hiyo Cirqus Voltaire unayoitamani (1997, mashine 2,704). Usitumie The Addams Family ya 1992. Zilitengenezwa 20,270, na soko lake lina mwendo wake.

Tuseme mchezo uliopata marudio ulikuwa na bei ya katikati ya dola 9,000 ukawa 8,100. Umeshuka asilimia 10. Lakini kama katika muda huohuo michezo ya kulinganishia imepanda asilimia 10, basi athari ni 0.90 kugawanya kwa 1.10, yaani takriban 0.82. Ukilinganisha na pale ambapo ungekuwa, umepoteza kama asilimia 18. Kinyume chake, kama wenzake nao wameshuka asilimia 10, marudio hayakufanya chochote, na anayekwambia ameponzwa na marudio ameponzwa na soko.

Attack from Mars yako

La kwanza, tulia kuhusu habari ya marudio. Yapo tangu 2017; athari yake imeshaingia kwenye bei unayoiona leo. Awamu nyingine ikitolewa itatikisa kidogo, haitaleta mshtuko wa kwanza tena.

Sasa hesabu ya kikomo. Chukua bei ya mtumba ya marudio yaliyo katika hali nzuri, pamoja na usafiri hadi mlangoni. Tuseme ni dola 7,000. Toa gharama ya kuifanya asilia yako icheze vizuri kama hiyo: raba mpya na usafi wa kina 250, skrini ya nukta ikiwa imeanza kufifia 300, kinga za kingo za mashimo na vikorokoro vingine 100. Toa tena thamani ya hatari ya vifaa vya umeme vya miaka 30 hivi, tuseme 500. Unabaki na 5,850. Huyo mnunuzi wa kucheza hana sababu ya kwenda juu ya hapo. Kama mauzo halisi ya asilia zenye hali kama yako yanafika 6,500, basi ile 650 ya ziada ndiyo soko linalolipa kwa ajili ya uasilia. Hiyo ndiyo namba ya kuifuatilia mwaka hadi mwaka. Ikipungua hadi karibu na sifuri, mashine za tabaka lako zimeachwa kwa wachezaji, na hakuna sababu ya kifedha ya kuendelea kuisubiri. Ikikua, wakusanyaji wanashuka kuja kwenye tabaka lako kwa sababu zile safi zimeadimika. Weka namba zako mwenyewe. Mpangilio wa hesabu haubadiliki.

Kazi yako basi ni kuilinda ile ziada, na hapa wamiliki wengi hujiharibia kwa mikono yao. Usibadilishe ubao wa kuchezea ili uuze. Kuhamisha kila kitu kutoka ubao wa zamani kwenda mpya ni kazi ya saa 40 hadi 100 kwa mtu anayejua anachofanya, juu ya bei ya ubao wenyewe, na ukimaliza umeitoa mashine kwa mkusanyaji na kuikabidhi kwa yule mnunuzi ambaye kikomo chake kimewekwa na marudio. Kama ubao umekwisha kiasi kwamba huwezi kuufurahia, badilisha kwa ajili ya raha yako, utunze ule wa zamani mahali pakavu, na uuze vyote viwili pamoja. Kabati lililopauka nalo liache. Kupauka ni kasoro ya asili. Stika mpya ni kasoro isiyorudi nyuma, kwa sababu kuzibandika kunataka upige msasa mchoro wa kiwandani.

Kanuni ninayoishikilia ni kutenganisha mabadiliko yanayorudi nyuma na yasiyorudi. Taa za LED hurudi nyuma ukitunza balbu za zamani. Skrini ya rangi hurudi nyuma ukitunza ile ya nukta 128 kwa 32 iliyokuja na mashine, hata kama imefifia. Kutoboa kabati ili kufunga spika, kupaka vanishi juu ya ubao, kukata waya za kiwandani ili kuingiza mapambo: hayo hayarudi.

Kabla ya yote fungua kichwa cha mashine utazame betri. Bodi ya CPU (bodi kuu inayoendesha mchezo) ya WPC-95, ambao ndio mfumo wa kielektroniki wa mashine yako, hubeba betri tatu za AA zinazotunza kumbukumbu. Zikivuja, yale majimaji ya alkali hushuka kwenye bodi na kula njia za shaba na miguu ya soketi, na kasoro yake ya kwanza huonekana kama swichi zinazochanganyikiwa, hivyo fundi huhangaika chini ya ubao wakati ugonjwa uko juu kichwani. Tafuta unga mweupe au wa kijani kwenye ncha za kishikio, na tazama chini yake kwa tochi. Ukiuona, toa bodi, ondoa kishikio, sugua sehemu iliyoathirika kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji ili kuua alkali, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, malizia kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa, kisha pima njia moja moja kwa multimita. Ikiwa ni safi, usisherehekee na kuondoka. Weka betri za lithiamu, au mpe fundi aondoe chipu ya kumbukumbu na kuweka ya NVRAM isiyohitaji betri. Bodi asilia isiyoguswa na uvujaji ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mnunuzi makini atakulipia bila kubishana.

Washa mashine. Ukiona nukta ndogo baada ya neno "credits" kwenye skrini, mashine yenyewe imegundua kasoro. Ingia kwenye menyu ya majaribio kwa vitufe vilivyo ndani ya mlango wa sarafu usome ripoti. Jaribu swichi moja moja kwa kuviringisha mpira kwa mkono, maana swichi inayoitika kidole inaweza isiitike mpira. Katika mchezo huu tazama hasa ile benki ya shabaha tatu mbele ya kisahani cha anga. Inapandishwa na kushushwa na mota, na ikikwama chini au juu, kiini cha mchezo kimekufa. Namba za michezo iliyochezwa zilizomo kwenye kumbukumbu usizitangaze kama ushahidi: hufutika betri zikiisha, na mtu yeyote anaweza kuzifuta.

Kwa ubao, toa kioo, futa vumbi, laza tochi iwe karibu kugusa ubao ili mwanga upite ubavuni. Vidirisha vya plastiki vya taa vilivyoinuka au kuzama vitajionyesha kwa kivuli. Pitisha ukucha uhakikishe. Piga picha kila ukingo wa shimo kwa karibu. Kisha zuia ulaji usiendelee: funga kinga nyembamba za chuma kisichoshika kutu kwenye kingo za mashimo, badilisha mipira yote minne, na sawazisha mteremko uwe karibu nyuzi 6.5. Mpira wenye mikwaruzo hukwangua rangi kila unapopita, na ni kipuri cha bei ya chini kuliko vyote ndani ya mashine.

Picha hizo, picha za stika za namba ya kiwandani kichwani na kwenye kabati, kitabu, michoro ya umeme na mfuko wa vipuri ulivyovitoa, viweke pamoja. Marudio yameongeza thamani ya karatasi. Zamani hakuna aliyeuliza kama rampu ni ya 1995; leo sehemu mpya na za zamani zinachanganywa, na mnunuzi analipia uhakika. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, kumbuka kwamba mashine nzima ya marudio haijifichi: ndani ya kichwa chake hakuna bodi za WPC-95, bali kompyuta ndogo inayoiga mfumo wa zamani, na taa chini ya ubao ni za LED zilizofungwa kwenye bodi badala ya balbu za soketi. Kinachojificha ni asilia iliyovishwa sehemu mpya bila kusemwa.

Kwa ufupi kuhusu yako: kama bado unaicheza, baki nayo na uilinde. Kama unataka kuuza, uza ukiwa na picha na betri safi, bila kuigharamia urembo.

Cirqus Voltaire

Hapa hatari iko mbele yako, kwa hiyo inunuliwe kwa punguzo. Mchezo hupata marudio pale mambo kadhaa yanapokutana: haki zinapatikana, wanaoutaka ni wengi kuliko mashine zilizopo, na mitambo yake inawezekana kutengenezwa tena kwa gharama inayolipa. Leseni za filamu na sura za waigizaji huchelewesha, ingawa hazizuii kabisa. Monster Bash ilikuwa na leseni ya majitu ya filamu za Universal na bado ilirudi. Cirqus Voltaire haina mzigo huo, na wapenzi inao. Kinachoilinda kidogo ni mitambo: skrini yake imewekwa ndani ya eneo la ubao badala ya kichwani, ina mrija wa neoni, na kichwa cha Ringmaster (kiongozi wa sarakasi) kinachoinuka kutoka chini ya ubao. Si vitu vya kumshinda mtengenezaji, lakini vinaongeza gharama.

Basi itie hatari hiyo kwenye bei. Kama unakadiria kuna nafasi moja kati ya nne kwamba marudio yatatangazwa katika miaka utakayoimiliki, na kwamba mashine ya hali hiyo itapoteza asilimia 20, hasara ya kutarajia ni asilimia 5. Kwenye dola 9,000 ni 450. Dai punguzo la kiasi hicho, au ongeza pesa upande wa hali: kati ya Cirqus Voltaire iliyokarabatiwa kwa sehemu mpya na ile iliyochakaa kiungwana lakini ya asili, chukua ya pili, hata kama ya kwanza inapendeza zaidi kwenye picha. Marudio yakitangazwa, ya kwanza ndiyo itakayopigwa.

Na ikiwa utaamua kuchukua marudio badala ya asilia, mambo mawili. Neno "toleo lenye kikomo" huzuia toleo, halizuii mchezo. Medieval Madness ilianza na zile 1,000, kisha yakaja mengine, ikiwamo Royal Edition na Merlin Edition. Aliyenunua la kwanza akitarajia uadimu wa mchezo mzima aliona ugavi ukiongezeka. Pili, bodi za WPC-95 zina michoro iliyo wazi na watengenezaji kadhaa wa mbadala, ndiyo maana mashine za miaka ya 90 bado zinafufuliwa na mafundi wa kawaida. Bodi ya marudio inategemea zaidi aliyeitengeneza. Nunua pale ambapo vipuri vya kielektroniki vimeorodheshwa kwa ajili ya kuuzwa, si dhamana tu. Ikiwa unatakiwa kutoa arbuni kabla mashine haijaanza kutengenezwa, pata kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kupokea na masharti ya kurudishiwa pesa. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai marejesho benki, na usikubali arbuni ipande kuwa bei kamili kabla hujapewa namba ya kiwandani ya mashine yako.